Kivuli cha Tai

Bidhaa namba mia mbili kumi na mbili. Koti la jeshi.
Sufu iliyochakachuliwa na nyuzi za kiwandani,
rangi ya kijivu iliyotaka kuwa kijani ikaishia njiani.
Vifungo vitano vyenye vipele, kimoja si ndugu wa wenzake.
Mifuko minne. Ukosi wa kijani cha chupa
umelainishwa na shingo ambayo haipo.

Ndivyo ninavyoanza. Kazi yangu hapa Zittau
ni kuwaelezea watu vitu wasivyovishika:
urefu, upana, kasoro, bei ya kuanzia.
Sikuajiriwa kusikitika.

Ndani, kwenye bitana, muhuri umefifia
ila ukiinamisha taa unasomeka:
mgongo, arobaini na tatu; shingo, vivyo hivyo;
kifua, tisini na sita;
urefu wote, sabini; mkono, sitini na mbili.
Mtu mzima na hofu zake
kagawanywa kwa namba tano, hakuna baki.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nondo wametoboa kwapa la kushoto, matundu matatu,
nimeyapima. Lakini si nondo ninaowawaza.

Juu ya mfuko wa kifuani, upande wa kulia,
pana mahali kitambaa hakikupauka:
pamebaki pabichi kama siku ya kwanza
na pamechukua umbo la ndege aliyetanda mbawa.
Kivuli cha tai. Tai mwenyewe hayupo.

Bi Irmtraud Noack alilileta ndani ya gunia.
Nikampa kiti, akakikataa.
"Mama alimfumua kwa wembe," akasema,
"Mei ya arobaini na tano, mapazia yamefungwa,
uzi mmoja mmoja, kisha akamtia jikoni, motoni.
Baba akalivaa kuvunia viazi, miaka kumi na miwili.
Hakutuambia alifika nalo wapi.
Nasi hatukuuliza. Tulikula viazi."

Jana Bwana Brehme alipiga simu kutoka Kassel.
Mkusanyaji; sauti yake ya upole, kama ya daktari wa meno.
Tai anaye, wa enzi ile ile, amemhifadhi kwenye bahasha.
Ana mshonaji hodari, atamrudisha,
hata mimi sitajua.

Nikamwambia vitundu vya sindano bado vipo,
thelathini na kimoja, nimevihesabu kwa lenzi.

Akafurahi.
"Vizuri sana," akasema. "Basi atapita mle mle."

Nikakaa na simu mkononi baada ya yeye kukata.
Mle mle.
Kumbe tundu halisahau uzi wake,
linangoja tu, wazi, dogo,
mtu mwenye subira na sindano.

Jioni, wenzangu wamekwisha kuondoka,
nikaongeza mistari kwenye maelezo.
Bosi akitaka, atafuta:

*Kasoro: tai ameondolewa nyumbani,
kwa mkono wa mwanamke mwenye haraka ya kuishi.
Kasoro hii ndiyo kazi bora kuliko zote kwenye koti.
Isirekebishwe.*

*Mfuko wa chini, kulia: udongo mkavu,
kiasi cha kijiko cha chai.
Unauzwa pamoja.*