Aliyejikwaa

Taarifa ilisomwa saa mbili usiku,
mvua ya Tukuyu ikitwanga bati
hata Ambakisye akabandika sikio kwenye redio.
Wabunge saba wa nchi ya ng'ambo,
waliotusema vibaya ndani ya bunge lao,
kuanzia leo ni marufuku
kukanyaga ardhi yetu.

"Saba," akasema mume wangu, vidole hewani.
"Jina la nne limemshinda hata msomaji."

Tulicheka. Nakiri, tulicheka,
na mimi nikapiga makofi mawili,
maana mtu akikutukana ukamfungia mlango
moyo hupoa,
hata kama hakuwahi kupiga hodi.

Asubuhi nikashuka kazini Kiwira,
kofia ya wavu, mikono imeoshwa mara mbili.
Kazi yangu ni stika:
naibandua, naiweka, nabonyeza kwa dole gumba.
Jina la nchi yetu limo humo, dogo kama dengu.
Kwa siku nilikuwa nabonyeza nchi
mara elfu sita.

Parachichi zenyewe zinaitwa Hasi.
Lusubilo wangu, darasa la saba, akasema,
"Mama, hasi ni zile namba za chini ya sifuri."
Nikamwambia aache utani, amalize uji.

Wiki ya pili na wao wakajibu.
Hawakumtaja mtu.
Walitaja cheti kipya, ukaguzi mpya,
siku ishirini na moja za kusubiri bandarini.

Sasa, parachichi haliivi mtini.
Litaning'inia miezi, gumu,
kama mtu aliyemeza siri.
Ukilikata kikonyo tu, saa yake imeanza,
na saa hiyo haimjui msemaji wa wizara.
Makreti elfu moja na mia nne
yalikuwa yameshakatwa.

Meneja alituita uani, kijana wa Mafinga, mpole,
anaongea huku anatazama viatu vyetu.
Alisema "kwa sasa".
Alisema "kwa sasa" mara nne,
kisha akakusanya kofia za wavu
akazihesabu.

Tulikula parachichi kwa chumvi, kwa sukari, kwa wali,
watoto waking'aa midomo kama walioalikwa harusini.
Siku ya tisa nguruwe wa Tupokigwe
walizigeuzia mgongo.

Neno wanalotumia redioni ni vikwazo.
Kikwazo ni kisiki, ni jiwe, ni kitu cha kujikwaa,
na mimi nimeitazama njia hii mwanzo mpaka mwisho:
wale saba hawakupita hapa.
Aliyejikwaa ni Ambakisye,
na mifuko yake kumi na miwili ya mbolea ya mkopo,
na Lusubilo, aliyeshonewa sare
ambayo fundi bado anayo dukani.

Usiku humfikiria yule wa jina gumu.
Labda aliuliza tuko wapi,
akaonyeshwa ramani, na kidole cha anayeonyesha
kikafunika Rungwe yote, na Busokelo, na sehemu ya ziwa.
Hakupungukiwa kitu
ila safari ambayo hakuwa na nia nayo.

Laiti angekuja!
Ningempa kigoda, ningempa mbalaga za moto,
angekula kwanza.
Kisha ningemgombeza, uso kwa uso,
kwa yale maneno, maana yaliniuma kweli.
Halafu ningemshika mkono hadi ghalani
anuse.

Jumanne tulipanda ofisi ya chama cha mikopo
kuomba muda. Ukungu umekaa mlangoni kama mdai.
Karani akasukuma karatasi, akasukuma wino.
"Jina lako kama mdhamini," akasema, "na dole."

Nikalitoa lile lile.
Lilikuwa na gundi bado, pembeni mwa ukucha.
Nikabonyeza polepole, kama nilivyofundishwa,
pasibaki hewa chini yake.