Nyuma Yangu Wanang'oa Bendera

Nilianza kwa kumfukuza mbwa.
Mot alikata kamba Jumapili moja ya Machi,
akapanda mlima ulio nyuma ya machimbo ya sleti,
nami nyuma yake na viatu vya kanisani,
nikimwita, nikimtukana, nikimbembeleza,
hadi nilipotazama chini nikaona
nyumba zote za Bethesda zingeenea kiganjani mwangu,
na kwamba tangu lango la kondoo
sikuwa nimesimama hata mara moja.
Nilikuwa na miaka hamsini na sita.
Mbwa aliketi juu ya jiwe akinitazama
kama mtu aliyechoka kunisubiri.

Sasa nina hamsini na nane, na Mot hayupo.
Mgongoni nimebeba walivyodai waandaaji:
ramani, dira, filimbi, koti la mvua,
na kipande cha mkate wa zabibu ambacho hawakukidai.

Miaka thelathini nilisimama duka la dawa
nikiwapa majirani vidonge vya magoti.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni,
na usipande ngazi bila sababu.
Leo sababu ninayo, ila siwezi kuieleza.
Dada yangu Eirlys anasema ni ukomo wa hedhi.
Daktari Probert anasema gegedu ni kama sabuni,
huisha kwa kutumika.
Mwanangu, kwa simu kutoka Cardiff, ananyamaza kidogo,
kisha anauliza kama watu wa bima wanajua.

Mlima haujauliza kitu.
Matope meusi yanaumeza mguu hadi gotini
na kuurudisha bila kiatu.
Napiga magoti, nachokoa, navaa, naondoka.
Vijana walinipita tangu ukuta wa kwanza,
wakisema "hongera" kwa sauti ile
wanayowasemea bibi zao wakimaliza supu.
Aliyebaki nyuma yangu ni mmoja tu:
Idwal, fundi wa baruti wa zamani, sabini na moja,
kazi yake kumfuata wa mwisho
na kung'oa bendera za njia.
Nazisikia zikitoka ardhini. Chwap.
Kisha upepo. Kisha chwap.
Njia yangu inafutwa ningali naipita.
Nilitaka kugeuka nimwambie, Idwal, ziache mbili tatu,
nani atasadiki nilifika hapa?

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, husema watu.
Basi ukingo ndio huu:
jiwe lenye upana wa mabega yangu,
ukungu kushoto, ukungu kulia,
na kunguru mmoja anayepita chini ya miguu yangu.
Hapa hapa ndipo nilipotaka ziishie.
Nakula mkate wangu. Nalia kidogo, kwa sababu ya upepo.

Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Vigae vya sleti vinakimbia chini ya nyayo
kama sahani za harusi iliyovunjika.
Goti la kulia lina maoni yake
na linayatoa kila hatua.
Nakaa, naburuza makalio, nainuka, suruali imetoboka,
Idwal kwa adabu anaangalia mawingu.

Halafu nyasi.
Mita mia mbili, labda tatu, fupi, zimelambwa na kondoo,
na miguu yangu, bila kuniuliza,
inafanya kile ilichofanya nilipokuwa na miaka tisa
na kengele ya shule imelia.
Chwap, nasikia, mbali.
Chwap, mbali zaidi.
Kisha sisikii.

Chini wameshakunja meza.
Mwandika muda amefunga daftari;
analifungua tena, analamba penseli,
anauliza jina langu linaandikwaje.
Supu imepoa, nainywa yote.

Idwal anafika na mzigo kwapani,
anapiga goti nyasini, anahesabu, anarudia kuhesabu.
"Arobaini na moja," anasema. "Imepungua moja."
Namtazama kondoo aliye karibu,
kondoo naye ananitazama,
nami nafunga zipu ya koti hadi kidevuni
ili kijiti kisichomoze.