Alama Mbili

Swali la nne, kipengele b:
Eleza maana ya neno ukoloni. Alama mbili.

Nimeshasahihisha karatasi thelathini na tisa
hapa mezani kwangu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Wino mwekundu umenipanda hadi kwenye kiwiko.
Wote wameandika walivyokaririshwa, nami ndiye niliyewakaririsha:
"ni hali ya nchi moja kuitawala nchi nyingine
kisiasa, kiuchumi na kiutamaduni."
Vema. Vema. Vema.
Mkono unakwenda wenyewe kama cherehani.

Nje ya dirisha, Mama Mwanahamisi wa maandazi
anamsuta mwenye nyumba aliyepandisha kodi usiku usiku:
"Mkoloni mkubwa wee!"
Mwenye nyumba kazaliwa Mabokweni,
hajapata kupanda hata meli.
Jana karani wa maji alifunga dirisha saa sita kasorobo,
foleni nzima ikamwita vivyo hivyo.
Na mwanangu Rehani, nikimnyang'anya simu saa nne,
hunong'ona ukutani: "Ukoloni huu."
Neno limekuwa shuka la wageni,
kila anayelala hujifunika.

Ninainuka kutafuta kalamu nyingine.
Ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya risiti za umeme,
kipo kipande cha babu:
kadi ya rangi ya chai iliyolala,
visanduku thelathini.
Fidelis Ngonyani, Songea, nambari 2117,
mkata mkonge, njia ya Pangani.

Siku moja ya kazi, kisanduku kimoja.
Ila siku haikuwa siku mpaka mnyapara aseme ni siku.
Ukipungukiwa na mzigo mmoja wa majani,
jua lilichomoza, likazama, halikuandikwa.
Babu alitumia siku hamsini na nne kuzipata thelathini.
Nimezipiga hesabu hizo tarehe, nikarudia.
Ishirini na nne zimekwenda wapi?
Katika mojawapo mwiba wa mkonge ulimtoboa jicho la kushoto;
kwa hiyo, kwa mujibu wa kadi, halikutoboka.

Na neno hili hakulitamka hata mara moja.
Alisema "wakati wa kipande."
Majirani walisema "wakati wa Mdachi," "wakati wa Mwingereza,"
kama mtu asemavyo wakati wa ndui.
Ukoloni lilikuja baadaye na redio na mikutano,
limepigwa pasi,
likawakuta wenyewe wameshayachakaza matambara yake.

Na ninalifundisha wapi? Shuleni,
neno alilotuachia Mdachi yuleyule.
Nalipwa hela, nayo ni sarafu yake.
Mtaa wangu ni hesabu tu:
"Unakaa wapi?" "Ya Kumi na Tatu."
Babu alikuwa manamba, mimi nakaa kwenye namba.
Nacheka peke yangu.
Kisha naacha.

Karatasi ya arobaini ni ya Semkiwa,
yule wa dawati la nyuma, mchelewaji,
ndoo ya maji imemchubua bega.
Kaandika mstari mmoja, mwandiko umelala ubavu:
"Ukoloni ni mtu mwingine kukwambia leo siyo leo."

Mwongozo wa usahihishaji unataka: nchi, kutawala, nchi nyingine.
Hamna nchi. Hamna kutawala.
Ninaweka moja. Ninaikata.
Nikimpa mbili, mkaguzi ataniuliza umezitoa wapi,
nami nitamjibu nini, kwenye mkebe wa biskuti?
Pembeni naandika: Nani kakwambia?
Nafuta na hilo.

Mama Mwanahamisi kashafunika karai lake.
Saa tano inagonga kwa jirani.
Nasema basi, kisanduku cha alama nikiache kitupu,
kesho nitaamua kichwa kikitulia.

Kitupu.

Navuta karatasi karibu na taa.
Mbili.
Naikoleza mpaka wino unatokea upande wa pili.