Nauli kwa Penseli

Hatukwenda Mbeya kumshtaki mtu.
Tulikwenda kuuliza kama tushtaki.

Karani wa masijala alitutazama mara mbili:
mimi, Tusekile, muuguzi mstaafu, kikapu mkononi;
Ambakisye, aliyefundisha jiografia miaka thelathini
na bado anaonesha kaskazini kwa kidevu;
na Mchungaji Gwakisa, koti limelowa
mvua ya Tukuyu, ambayo haibishi hodi.
"Mdaiwa ni nani?"
Tukatazamana.
Hayupo. Bado.

Marehemu Asulwisye alituachia ekari kumi na nne za chai
na karatasi moja, sentensi moja:
mapato yote, ada na bweni kwa wasio na wazazi.
Hakuandika la kufanya
asubuhi ambayo bikoni za kampuni ya parachichi
zingekutwa ng'ambo hii ya kijito,
hatua tisini ndani ya chai yetu,
kana kwamba zege lina miguu.

Benki tuna milioni thelathini na nane.
Tuna watoto ishirini na sita.
Zidisha, gawanya, toa mbolea na wachumaji:
wakili anakula muhula mzima wa kila mtoto
kabla hajasimama kusema "Mheshimiwa."
Tukishindwa, gharama za kampuni
atazilipa Lugano wa kidato cha tatu,
anayetaka kuwa fundi umeme,
na hata hajui kuna kijito.
Tukinyamaza, mwakani bikoni zitafika kisimani,
na Lugano huyo huyo, ndevu zikishaota,
atakuja kutuuliza tulikuwa wapi.

Ingekuwa mali yangu, ningepigana.
Ingekuwa mali yangu, pengine ningeacha, nilale.
Cha mwenzio kinakutisha huku na huku:
kukitumia,
na kutokitumia.

Chumba cha jaji kilikuwa kidogo, kinanuka karatasi.
Wakili wetu akatoa bahasha ya maoni yake, imefungwa;
wa kampuni hakuitwa kuisoma.
Yaliyomo nayajua: sita kwa kumi.
Maneno hayo nimewaambia ndugu wa wagonjwa
koridoni, usiku, taa ya chemli mkononi.
Najua yanavyosikika
kwa aliyelala kitandani.

Jaji, mama mmoja mwenye mafua,
aliuliza vitu vidogo vidogo.
Bei ya chai imeshuka? Imeshuka.
Mmezungumza nao? Mara tatu.
Ya tatu walitupa soda.
Ramani ya zamani ipo? Ambakisye akaikunjua mezani
polepole, kama anayemfungua mtoto nepi.
"Na nyinyi wenyewe," akasema, "mnataka nini?"

Hapo ndipo tulipokosa jibu,
sisi tuliopanda basi saa kumi na moja alfajiri.
Mchungaji akakohoa.
"Tunataka, tukikosea, tuwe tumeuliza."
Jaji akaweka kalamu chini,
akapenga kamasi, akaichukua tena.

Nendeni, aliandika. Ila mwisho wenu
ni ushahidi wa mpimaji,
na msizidishe milioni sita.
Kisha rudini mniambie amesema nini.

"Ndaga fijo," nikasema, kwa mazoea,
naye akatabasamu; sikujua kama ameelewa.

Si ushindi huo. Ni ruhusa yenye kamba,
kama mbuzi anavyoruhusiwa majani.
Nilidhani nitatoka mwepesi.
Nje, Loleza imefunikwa wingu hadi kiunoni.
Ambakisye akanunua mahindi matatu ya kuchoma
akatangaza, muuzaji asikie, wapita njia wasikie,
kwamba amelipa kwa hela yake.

Usiku nimefungua daftari la mfuko.
Nauli, watu watatu,
Tukuyu hadi Mbeya, kwenda na kurudi.
Safari ilikuwa ya watoto.
Viti tulikalia sisi.

Nimeiweka kalamu kando.
Natafuta penseli.