Herufi Tatu

Kiharusi kilipopita kwa Tamar Iveson
kilikomba maneno kama mtu akombavyo sufuria.
Likabaki moja, limeganda chini kama ukoko:
ort.

Ort, alisema asubuhi, wakamletea uji wa oti.
Muuguzi alikuwa mgeni, sikio lake la mjini.
Ort, alisema mchana, akausukuma uji
kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado unamtii.
Binti yake, Lettice, alidhani anataja maumivu.
Daktari akaitwa, akabonyeza tumbo,
akaandika kitu, akaenda zake.

Hakuna kati yao aliyekuwapo shambani Askerby
majira yale ya theluji, babu Jabez
alipokusanya kwa uma wa mti
nyasi kavu zilizobaguliwa na ng'ombe,
mabua magumu, miiba, vumbi lenye mate,
akasema: hizi ndizo ort, mpe ndama.
Ng'ombe hudeka. Ndama asiye na mama hachagui.
Na usiku, akikwangua sahani, neno lile lile
kwa ganda la mkate, kwa mafuta yaliyoganda.
Wazee wa bonde lile walikuwa na msemo:
ort za jioni ni malisho mema ya asubuhi.
Sisi tungesema kiporo
tukaelewana nao bila mkalimani.

Neno lenyewe ni kuukuu.
Inasemekana lina ndugu ng'ambo ya bahari nyembamba,
kwa wafugaji wa nchi zilizolala chini,
waliolitoa kooni: kilichokataliwa na mdomo.
Likakaa chini ya meza za makabaila, mbwa wakalijua.
Likapanda juu, akaitwa nalo mtu
ambaye mwenzake hakumtaka tena.
Kisha yakaja majokofu na mifuko ya plastiki,
likasahaulika kama kijiko cha marehemu:
hakikutupwa, ila hakuna akilaye.

Kitanda cha sita alilala Cuthbert Raw,
nyonga imevunjika, penseli sikioni.
Miaka arobaini amelijaza neno lile
katika visanduku vya gazeti,
mlalo, herufi tatu, kombo la chakula,
na katika miaka yote arobaini
hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa binadamu.
Alivua miwani.
Mama yako hajapotewa na akili, alimwambia Lettice.
Anaomba masazo.

Masazo! Lettice alikasirika.
Mama yake hajaomba cha mtu tangu azaliwe.
Alikuwa ndani ya basi, keshavuka daraja,
ndipo alipoikumbuka chupa ya jemu dirishani,
imejaa ncha za nyuzi,
kila ncha iliyokatwa na mkasi wa mama
tangu alipokuwa msichana akitarizi vitambaa vya kanisa.
Watarizi nao wana ort zao.
Nyekundu ya joho la askofu.
Buluu ya kishuka cha mtoto aliyeishi siku tisa.
Kijani ambacho hakuna ajuaye kilisalia kwenye nini.

Akaileta. Tamar hakulia.
Aliingiza vidole viwili, akachomoa uzi
usiozidi urefu wa ukucha,
akauinua kwenye mwanga
kama mtu aliyeletewa barua na hana haraka ya kuimaliza.
Buluu, hakusema. Mtoto, hakusema.
Hakuna neno lililorudi siku ile.
Alisema ort,
na Lettice, aliyekuwa karibu kuliko wote,
hakuwa na hakika ni maana ipi.

Baadaye alimwekea Bwana Raw uzi wa njano
juu ya gazeti lake, katikati ya visanduku vitupu.
Hakuuondoa. Aliandika akiuzunguka.
Labda bado upo, labda ulifagiwa.
Wafagiaji wa pale huja saa kumi na moja alfajiri
na kazi yao ni ya haraka.