Shuka la Kitanda cha Saba

Jumanne, saa nne kasorobo, karo la kufulia.
Mkono umo ndani ya povu, nikaumwa:
si nyuki, si mwiba wa gogogo.
Sindano, imelala kwenye shuka
kama mtu aliyesahauliwa wodini.
Tone moja la damu,
punje ya mchele ingelifunika.

Nikanawa kwa sabuni ya mche. Nikaendelea.
Mashuka ishirini na mawili niliyaanika,
upepo wa ziwa ukayavimbisha,
nikasimama katikati yake nikihesabu
kitu nisichokijua jina.

Jumatano kidole hakina hata alama.
Nikasema, basi, yamekwisha.
Jioni Sista Nkwimba akanikuta nakunja foronya:
"Malimi, mbona unazishika kama zinakuunguza?"
Nikamwambia.
Hakupiga kelele. Alitazama saa ya ukutani,
akahesabu kwa vidole kama mama anayehesabu miezi.
"Saa thelathini na mbili. Zimebaki arobaini.
Ila dawa hii haimpendi mtu wa kesho."

Alinipima kwanza: sina.
Kisha kopo jeupe, siku ishirini na nane,
kidonge kimoja kila usiku, saa ile ile.
"Na nyumbani, kondomu, mpaka nikupime tena."
Nikacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa
alisukume jabali la Mabatini lirudi juu.

Siku tatu kopo lililala ndani ya buti la mvua.
Ya nne, Kwandu akarudi kutoka Mwaloni,
na tumbo langu, lililokwisha kukataa ugali,
likakataa dagaa, likakataa
hata harufu ya mikono yake.
Nilipokuwa nje nimeinama, yeye akainua buti.
Likacheza njuga.

"Ni nani?" aliuliza.
Hakuuliza "ni nini."

Nikamwonyesha kidole. Kidole kizima!
Nani atamwamini mtu
kwa jeraha lililokwisha kuondoka?
Tulilala tukipeana migongo.
Asubuhi alijifunga kanga, akanitangulia kituoni,
akaketi mbele ya Sista, akauliza yote
ambayo mimi nilikuwa nayameza pamoja na vidonge.

Tangu hapo, saa tatu ya usiku,
Kwandu ndiye kengele:
kikombe cha maji, kidonge kiganjani,
macho kwenye koo langu mpaka lishuke.
"Meza. Kulalamika baadaye."

Jana kopo limekwisha. Vipimo bado,
Sista ameandika tarehe mbili kwenye kadi,
Kwandu ameichomeka kadi nyuma ya kioo.

Sijui nani alilala kitanda cha saba.
Huenda damu yake haikuwa na neno.
Huenda naye, saa tatu, huko Igoma au Kayenze,
anashika kikombe, anameza kidonge ndugu wa changu,
na kwake hakuna siku ya ishirini na nane.
Nilimchukia wiki nzima mtu huyo.
Sindano hakuiacha yeye.

Leo nimerudi karoni na glavu nene.
Kila shuka nalikung'uta kabla ya maji,
nalishika pembe mbili, nalinyoosha,
kama watu wawili wanavyokunja kanga,
ila ng'ambo ya pili hakuna mtu.
Namsubiri kidogo.
Kisha nalitia majini, taratibu.