Daftari la Wanaotaka

Ijumaa ya kwanza nilitoa nakala mia,
shilingi tano kila ukurasa kwa Famau mwenye mashine,
ambaye hapunguzi hata kwa binamu.
Nikazipachika kwenye madaka ya Mkomani,
nikaziacha msikitini penye viatu,
nikazisukuma chini ya milango ya watu waliolala.
Nilirudi nyumbani nikijiita mwandishi.

Jumamosi nikaikuta kazi yangu Langoni
imefungiwa viazi vya karai,
aya ya pili imelowa ukwaju,
na kitoto cha Bi Tima kinailamba
kuanzia mwisho.
Nakala mia. Msomaji ndiye huyo.

Basi nikanunua daftari la kurasa thelathini na mbili,
lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
nikaanza kubisha hodi.
Sikugawa kitu. Niliuliza.
"Kila Ijumaa naandika ukurasa mmoja:
mtaa ulivyoamka, sukari ilivyopanda,
na jambo moja nililolisikia ambalo si la kuficha.
Ukitaka, nitajie jina lako.
Usipotaka, nipe maji ninywe niende."

Wengi walinipa maji.
Kufikia adhuhuri nilikuwa nimejaa kama kiriba,
na majina mawili.

La kwanza, Mwanamkasi Bunu, asiyejua kusoma.
"Niandike tu. Mjukuu atanisomea.
Karatasi ya mwisho yenye jina langu
ilitoka mahakamani."

La pili, fundi cherehani wa Gardeni,
aliyeomba ukurasa uwe mpana kidogo
apate kukatia kola ukishasomwa.
Ukishasomwa, alisema.
Nililala na neno hilo.

Wa tisa aliletwa na wa pili.
Wa kumi na nne aliletwa na ugomvi:
niliandika kuhusu mfereji uliozibwa kwa kifusi cha jengo lake,
akaja kunitukana hadi jasho likamtoka,
kisha, mguu mmoja nje,
akauliza wiki ijayo nitasema nini.

Kassu akaniletea orodha ya michango ya harusi,
majina mia mbili na kumi, pamoja na simu zao.
"Hamisha yote. Kesho utakuwa mkubwa."
Niliitazama kama mwenye njaa atazamavyo
sinia lipitalo kwenda chumba kingine.
Nikamrudishia.
Waliandika pale kwa ajili ya bibi harusi.
Mimi hawajanifungulia mlango.

Mwezi wa saba, thelathini na tisa.
Siku ile ile Bwana Madi Lali akanisimamisha penye ngazi.
"Nitoe," akasema, bila ukali,
kama mtu akataaye kikombe cha tatu.
Nikapiga mstari kwa rula.
Usiku nikalifungua daftari mara nne
kuutazama mstari,
nisitazame hata jina moja
katika yale thelathini na nane.

Wiki tatu nikaandika ili arudi:
mpira, vichekesho, tetesi za viwanja.
Fundi cherehani akanirudishia ukurasa haujaguswa mkasi.
"Huu umemwandikia nani?"

Nikarudi kwenye mtaa ulivyoamka.

Ijumaa moja homa ikanilaza, sikutoa kitu.
Baada ya alasiri, hodi.
Mwanamke, buibui amelishika kwa meno,
mikono yote miwili chini ya bakuli la unga wa mahamri.
Mke wa Bwana Madi.
Akaliachia buibui ili aseme:
"Ya leo iko wapi?"

Nikamwambia jina limekatwa.

"Lake. Mimi sikuulizwa.
Yeye alikuwa akiifunikia gilasi,
mimi ndiye niliyekuwa nikiifunua.
Andika Barke binti Kombo.
Usiandike mke wa."

Nikaandika, herufi zikipepesuka kwa homa,
chini kabisa ya mstari wa rula.
Nilidhani amemaliza.
Akabaki pale pale kizingitini.

"Haya. Sukari?"

Sikuwa na karatasi, sikuwa na sauti ya maana.
Nikaanza kumweleza hivyo hivyo, nikikohoa,
tangu Jumamosi.
Unga uliumuka hadi ukingo wa bakuli,
akaurudisha chini kwa kidole,
akasema, "Enhe."